Sahihi Ipo, Ridhaa Je?

Daktari amepita raundi asubuhi, amesema "mtayarisheni wa thieta", yaani mgonjwa wa chumba cha upasuaji, kaenda zake. Fomu ya idhini inabaki mkononi mwa muuguzi. "Mama, weka sahihi hapa." Mama anaweka. Muulize anakwenda kufanyiwa nini: "Sijui, sista, nimeambiwa tu niende."

Kwa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8 na cha 9, hairidhiki na sahihi hiyo. Mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa. Wa kueleza upasuaji ni yule atakayepasua. Muuguzi ni shahidi wa sahihi. Akigundua mgonjwa hajaelewa, asijaribu kuziba pengo mwenyewe. Amwite daktari arudi, hata kama thieta wanapiga simu.

"Umeelewa?" ni swali bure, kila mtu hujibu ndiyo. Uliza hivi: "Dada yako akija jioni akakuuliza umefanyiwa nini, utamwambiaje?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama ameelewa.

Kwenye karatasi, jina na namba vilingane na faili na bangili ya mkononi. Operesheni iandikwe kwa maneno kamili, na upande pia: "kushoto", si herufi moja. Halafu saa. Kama chati inaonyesha pethidini (dawa ya maumivu makali) au midazolamu (dawa ya kusinziza) ilitolewa saa mbili na sahihi ikawekwa saa mbili na nusu, wakili yeyote atauliza kama mgonjwa alikuwa na akili timamu. Sahihi kwanza, dawa baadaye. Anayetia dole gumba asomewe fomu yote mbele ya shahidi asiye wa timu ya upasuaji, na jina la mkalimani liandikwe. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani.

Kuhusu sahihi ya mume: kifungu cha 9 hakimtaji. Mwanamke mtu mzima mwenye fahamu hujitilia sahihi mwenyewe, hata kwa kufunga kizazi. Na hilo la kufunga kizazi lizungumzwe kliniki mapema, si uchungu ukiwa umepamba moto.

Dharura ina mlango wake: kama kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, matibabu huendelea bila ridhaa, ilimradi mgonjwa hakuwa amekataa. Kipande hicho cha mwisho husahaulika sana. Huko Ontario, Kanada, mahakama ya rufaa mwaka 1990 ilithibitisha kwamba daktari alipaswa kulipa fidia kwa kumwekea damu Shahidi wa Yehova aliyepoteza fahamu, ilhali kadi ya kukataa damu ilikutwa mkobani mwake.

Akikataa, "mgonjwa amekataa" haitoshi kwenye faili. Andika nani alimweleza, hatari zipi alitajiwa, alijibu nini kwa maneno yake mwenyewe, saa ngapi, na daktari gani alijulishwa. Dawa za maumivu na vipimo vya presha viendelee kama kawaida. Amekataa kisu, hajakataa huduma. Anaweza pia kubadili nia akiwa tayari mezani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, ya 2008, inataka mgonjwa mwenyewe athibitishe ridhaa kabla ya dawa ya usingizi, kwa hiyo akisema hapana pale, muuguzi aseme kwa sauti timu nzima isikie, na kazi isimame.