Fundichuma wa Kirichwa

Leo alfajiri kwarara watatu wamepita juu ya mabati yetu wakipiga mayowe, na binti yangu, uji haujamezwa bado, akataka kujua nani alinifundisha majina ya ndege. Mjomba, nikamwambia. "Na yeye alifundishwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Likizo ya Agosti 1994. Mjomba alikuwa soja wa usiku Kileleshwa. Alitoka zamu saa 12 asubuhi, tukanywa chai ya kibandani, tukashuka Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, yeye na lile koti lake. Njiani akanieleza kwamba miti ile ilianza kupandwa mwaka 1907, kujaribiwa ipi ingekua upesi iwe kuni za garimoshi. Baridi ilinikata masikio, sikumsikiliza vizuri.

Kule chini mto Kirichwa Kubwa ulikuwa na rangi ya chai, povu la sabuni limegandamana kwenye mawe. Kwenye panda ya mti ulioinamia maji palikuwa na kitu nilichodhani ni taka zilizoachwa na mafuriko: lundo la vijiti, matambara na nailoni, kubwa kuliko pipa la maji. Ndege wa kahawia akatua juu yake. Kichwa chake nyundo kabisa, mdomo mbele, kishungi nyuma. Nikaokota jiwe.

Mjomba akanishika mkono. Hakunivuta, hakunikemea. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kilinuka moshi wa jiko alilootea usiku kucha. "Tulia, mama," akasema. Nimepewa jina la mama yake. "Huyo fundichuma. Mwangalie mdomo."

Ndege alikuwa na kijiti. Akakichomeka, akarudi nyuma hatua moja, akakichomoa, akakigeuza, akajaribu upande mwingine. Mara nne. Ya tano kikashika. Mwenzake akaja na tope, akapotelea kwa chini. Mlango uko huko, mjomba akaninong'oneza, na ndani wanapiga lipu kama sisi. Nyumba ikiisha, mtu mzima anaweza kusimama juu yake isibomoke. Kwetu wazee hawaigusi, wanasema inaleta balaa. Nikamuuliza kama anaamini. Akaendelea kutazama, macho mekundu kwa kukesha.

Tulipoondoka alipanua mfuko wa koti, nikalitumbukiza jiwe humo. Lilikuwa limeshapata joto.

Mwaka uliofuata alirudi nyumbani, na 2003 tukamzika. Arboretum nimerudi mara nyingi. Ule mti haupo. Siku hizi nami narudi kutoka kazini nimechoka, nikajiuliza mtu aliyekesha akilinda nyumba za wengine alitafuta nini pale mtoni badala ya kitanda. Labda ni mimi aliyenifikiria. Labda angekwenda hata peke yake.

Koti alipewa jamaa mmoja siku ya matanga. Nililiona likitoka mlangoni, na sikuingiza mkono mfukoni.