Ngiri ya Kinena: Matundu Madogo au Mkato Mmoja?

Mjomba wangu hubeba magunia katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Tangu daktari amwambie kwamba uvimbe unaomtokeza kinenani kila anapoinua mzigo, na kurudi ndani anapolala chali, ni ngiri inayohitaji upasuaji, jamaa na majirani wamemsihi asikubali kupasuliwa "kizamani", bali atafute hospitali inayopasua kwa kamera inayoingizwa kupitia matundu madogo. Wanamtakia mema, lakini siafikiani nao.

Ugonjwa ni ule ule, njia yoyote itakayotumika: ukuta wa tumbo umelegea na utando wa ndani, pengine pamoja na kipande cha utumbo, unapenya. Zamani misuli ilivutwa na kushonwa pamoja, na kwa kuwa nyuzi zilikaza mno, ngiri ilirudi mara nyingi zaidi. Nadhani hofu ya watu ilianzia hapo. Katika miaka ya 1980, daktari mpasuaji Irving Lichtenstein wa Los Angeles alieneza utaratibu wa kupasua kinena kwa mkato mmoja, kisha kushonea wavu wa plastiki juu ya sehemu dhaifu bila kuvuta misuli. Huo ndio upasuaji wa wazi wa leo, na si wa kizamani hata kidogo.

Kwa njia ya kamera, mpasuaji hutoboa matundu madogo matatu, hujaza gesi ya kaboni dioksidi ili apate nafasi, na hutandaza wavu nyuma ya misuli. Maumivu ya mwanzo hupungua, yale ya kudumu huwa nadra zaidi, na mgonjwa hurudi kazini siku kadhaa mapema. Kwa mtu anayelipwa kwa gunia, siku hizo ni unga wa nyumbani, nami sizidharau.

Hata hivyo, njia hiyo kwa kawaida humlazimu mgonjwa kulazwa usingizi kabisa, ilhali upasuaji wa wazi unaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi kinenani, mgonjwa akiwa macho anazungumza na daktari, na jioni akarudi kwake. Kwa mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu, tofauti hiyo ni kubwa. Isitoshe, mpasuaji huhitaji kufanya operesheni kati ya 50 na 100 za kamera kabla mkono wake haujazoea, na akishazoea, uwezekano wa ngiri kurudi hukaribiana na ule wa njia ya wazi.

Jirani zetu wa mashariki mwa Uganda walitupa ushahidi mzuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wanaume 302 walifanyiwa upasuaji wa wazi, baadhi wakiwekewa wavu wa bei ghali na wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua.

Ningemshauri mjomba atafute kamera kama angekuwa na ngiri pande zote mbili, au kama ingekuwa imerudi baada ya upasuaji wa wazi. Wanawake pia hufaa kupasuliwa hivyo, kwa kuwa ngiri ya paja huweza kujificha karibu. Yake ni ya upande mmoja, na ya kwanza. Nimemwomba amuulize daktari amekwisha kupasua wangapi kwa njia anayoipendekeza, na kwamba uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi na akaanza kutapika, aende hospitali usiku huo huo.