Jioni Moja Kutoka Maskati Hadi Maji Moto ya Rustaq

Ukiondoka Maskati baada ya swala ya alasiri, siku ya Alhamisi katika mwezi wa Januari, utaikuta barabara ya pwani ya Batina imejaa magari ya watu wanaorudi vijijini kwao, kwa kuwa Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Ndivyo tulivyoikuta sisi. Binamu yangu alishika usukani, shangazi alikaa mbele pembeni yake ili apate nafasi ya kunyoosha miguu, nami nilikaa nyuma pamoja na kapu lenye taulo, vikoi, kanga, chupa ya kahawa na mkate wa kumimina ambao shangazi aliupika asubuhi ile. Tulikuwa tunakwenda Rustaq, mji ulio chini ya milima ya Hajar, yapata kilomita 150 kutoka Maskati, ambako kuna chemchemi ya maji moto iitwayo Ain al-Kasfah.

Shangazi alizaliwa Unguja na alihamia Oman katika miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Marehemu baba yangu, kaka yake, alibaki Tanga, na ndiyo maana mimi ni mtu wa Tanga na wanawe ni watu wa Maskati, ingawa tukikaa sebuleni kwake lugha ni moja tu. Kwa muda mrefu sasa anasumbuliwa na baridi yabisi, hasa magotini na kwenye vidole vya mikono. Daktari amempa dawa, naye anazitumia kwa utaratibu bila kuruka siku, lakini kila tulipozungumza kwa simu alinieleza kwamba usingizi anaoupata baada ya kuoga maji ya Rustaq hajaupata kwingine. Nilipokwenda kumtembelea niliomba nipelekwe, na yeye hakuhitaji kubembelezwa.

Tulipita uwanja wa ndege na mnara wa saa wa Burj al-Sahwa, ambapo barabara ya Nizwa inaachana na ile ya pwani, kisha Seeb, kisha Barka. Sehemu hii haina mengi ya kusimulia kwa msafiri, maana ni maduka, maghala na mashamba ya mitende yaliyofichwa nyuma ya kuta ndefu. Safari yenyewe huanzia Barka, unapoipa bahari kisogo na kuelekea milimani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya safu ya Hajar, na milima iliyokuwa ya kahawia muda mfupi kabla ilianza kuonekana kama ukuta mmoja mweusi uliosimama kutoka upande hadi upande. Barabara katika eneo hili inavuka mabonde mengi makavu, na kila inaposhuka bondeni utaona nguzo zenye alama za kupimia kina cha maji, kwa kuwa mvua ikinyesha mlimani bonde lisilo na tone huweza kujaa kwa muda mfupi na kuyachukua magari. Binamu yangu aliniambia kwamba akiona wingu zito upande wa mlima hageuki kuuliza mtu, anarudi alikotoka.

Swala ya magharibi tuliiswali Nakhal. Ngome ya mji huo imejengwa juu ya jabali lenyewe, kuta zikifuata umbo la mwamba badala ya kuusawazisha, na usiku huangazwa kwa taa kiasi kwamba unaiona kabla ya kuuona mji. Nakhal nayo ina maji yake ya moto, Ain al-Thawarah, yanayotoka chini ya mlima na kupita katikati ya mitende, na tulikuta jamaa nyingi zimetandika mikeka kando ya mkondo, watoto wakichezea maji huku wazazi wakichoma nyama. Ni mahali pa kupunga hewa kuliko mahali pa kuoga kwa utulivu. Tulikaa hapo muda wa kunywa kahawa na kula kipande cha mkate.

Binamu yangu amesomea jiolojia na kazi yake ni ya visima, kwa hiyo niliitumia nafasi ile kumwuliza jambo lililokuwa likinitatiza. Nimezoea kuhusisha maji moto na volkano, kama yale ya Ziwa Bogoria na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na hapa sikuona dalili yoyote ya volkano. Alinionyesha kwa mkono, kwa kuwa mwanga kidogo ulikuwa umebaki, jinsi vilima vya upande wa pwani vilivyo vyeusi na vya kukwaruzika, na milima ya upande wa bara ilivyo ya rangi ya majivu na yenye matabaka. Mawe meusi, alisema, ni sakafu ya bahari iliyoumbika yapata miaka milioni 95 iliyopita, kisha ikasukumwa na kupandishwa juu ya ukingo wa bara la Arabia, na ni sehemu chache duniani ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu juu ya sakafu ya bahari yenye ukubwa kama huo. Mawe ya kijivu ni chokaa ya Jabal Akhdar, ambayo kilele chake cha Jabal Shams kinakaribia au kufikia mita 3,000. Mvua inayonyesha huko juu hupenya katika nyufa za chokaa na kuteremka chini sana, na kwa kuwa joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi kati ya 25 na 30 za selsiasi kwa kila kilomita ya kina, maji hayo hupata moto bila kuhitaji volkano. Yanapofika mpakani, ambapo chokaa inakutana na yale mawe meusi yasiyopitisha maji kwa urahisi, hukosa njia ya kuendelea mbele, hivyo hupanda kupitia ufa mkubwa uliopo kati ya aina hizo mbili za mawe. Nakhal na Rustaq zote zimekaa kwenye mpaka huo. Maelezo haya yalinifurahisha zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu yalinifanya nione kwamba maji niliyokuwa nikienda kuoga yalikuwa mvua ya mlima uleule niliokuwa nikiutazama.

Kutoka Nakhal hadi Rustaq, kwa kupitia al-Awabi, kulikuwa giza tupu na sikuona kitu isipokuwa taa za vijiji vilivyo midomoni mwa mabonde. Rustaq yenyewe ilitokea ghafla, mji mpana wenye maduka yaliyojaa watu, na ngome yake kubwa ikiwa imesimama katikati.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hapiti mbele ya ngome ile bila kutafakari. Mwaka 1624 hapa Rustaq ndipo Nasir bin Murshid alipochaguliwa kuwa imamu na kuanzisha utawala wa ukoo wa Yaarubi, ambao uliwaondoa Wareno katika nchi hii. Maskati ilikombolewa mwaka 1650 chini ya mrithi wake. Imamu Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698, alifariki mwaka 1711 na amezikwa Rustaq. Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi na babu yake Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja, naye amezikwa katika mji huu. Nimeitembelea Ngome ya Yesu tangu utotoni, na nimesikia habari za mzingiro ule kwa walimu na kwa wazee, lakini sikuwahi kujiuliza watu wale walitoka mji wa namna gani, walikunywa maji gani, na walioga wapi. Waomani wanamkumbuka Saif bin Sultan vilevile kwa kutengeneza na kuchimba mifereji ya maji na kupanda mitende mingi, na kwa maoni yangu sifa hiyo inastahili kutajwa kwetu sambamba na ile ya vita.

Chemchemi haiko mbali na ngome. Tulipofika, swala ya isha ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakizidi kuingia. Hakuna fahari yoyote mahali hapa. Maji hutoka ardhini katika birika, yakitoa mvuke unaoonekana vizuri wakati wa baridi, kisha hugawanywa katika mifereji inayopita kwenye vyumba vya kuogea, vya wanaume upande wao na vya wanawake upande wao. Harufu ya kiberiti ipo lakini si kali. Shangazi alichukua kapu lake, akamshika mkono mwanamke mmoja asiyemfahamu aliyejitolea kumsaidia kushuka ngazi, na akapotea upande wa wanawake huku akituambia tusimsubiri kwa haraka.

Maji ya Ain al-Kasfah yana joto la nyuzi 45 za selsiasi, na inaelezwa kwamba joto hilo halibadiliki mwaka mzima. Nyuzi 45 ni moto kweli. Nilipotia mguu niliutoa mara moja, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa ukingoni na kikoi chake akaniamuru kwa Kiarabu, huku binamu yangu akinitafsiria, nianze na nyayo, kisha vifundo, kisha magoti, nikisubiri kila hatua mpaka mwili ukubali, na nisijimwagie kichwani kabla ya kifua kuzoea. Nilimtii. Ilichukua muda mpaka nikaweza kukaa kitako ndani ya maji, na hapo nikafahamu kwa nini watu hapa hawapigi kelele: joto lile linakutaka uvute pumzi taratibu na usiwe na haraka ya kusema. Mgongo wangu, uliokuwa umekakamaa tangu kwenye ndege, ulilegea sehemu baada ya sehemu. Mzee alinikataza kukaa sana. Alisema mtu hukaa kidogo, hutoka akapigwa na hewa, hunywa maji, kisha hurudi, na kwamba mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aridhike kutia miguu tu.

Nilipokuwa nimetoka kupumzika, nilifuata mfereji kuona maji yanakwenda wapi. Hayapotei. Yakishatoka kwenye vyumba vya kuogea huendelea kupoa kadiri yanavyosafiri, na huingia kwenye mashamba ya mitende kuyanywesha. Huu ndio utaratibu wa falaj, mifereji ya kale ya Oman ambayo takriban 3,000 kati yake bado inafanya kazi. Mitano imeorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, na mmojawapo, Falaj al-Muyassar, upo hapahapa Rustaq. Kanuni yake ya jumla ni kwamba maji ya kunywa hutangulia, kisha msikiti, kisha kuoga na kufua, na shamba ndilo la mwisho, kila mwenye hisa akipata zamu yake kwa muda uliopimwa. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa juani, na usiku kwa kuchomoza na kutua kwa nyota zinazojulikana. Kwa hiyo bafu la Rustaq halikujengwa kama mahali pa starehe lililotengwa na maisha ya mji. Ni kituo kimoja katika njia ya maji ambayo yana kazi nyingine mbele yake, na mgonjwa, msafiri na mkulima wanatumia maji yaleyale mmoja baada ya mwingine bila kunyang'anyana. Jambo hili lilinigusa sana, na ndiyo sababu niliumia kuona chupa za plastiki zimekwama kwenye ukingo wa mfereji. Binamu yangu na mimi tuliziokota zilizokuwa karibu.

Nilifikiri pia habari za nyumbani. Tanga tunazo chemchemi za maji moto yenye kiberiti kule Amboni, ambazo watu wa jirani wanazifahamu na kuzitumia kwa maradhi ya ngozi na ya viungo. Zingeweza kutunzwa vivyo hivyo, kwa upande safi wa wanawake, upande wa wanaume, ngazi zenye mahali pa kushika kwa wazee, na taa za usiku. Hayo hayahitaji utajiri wa mafuta.

Shangazi alirudi uso uking'aa, akitembea polepole lakini bila kushika ukuta. Alitukunjia na kutukunjulia vidole vyake ili tushuhudie.

"Umeona, mwanangu?" aliniuliza. "Sikusema nimepona. Nimesema napata nafuu, na usiku nitalala."

Alisema ndani amekutana na wanawake watatu waliozaliwa Pemba na mmoja aliyekulia Bujumbura, na kwamba mazungumzo yao ndiyo yaliyomchelewesha. Binamu yangu alimkumbusha anywe maji kabla ya kahawa, naye akanywa akinung'unika.

Tulinunua mishkaki kwa mtu aliyekuwa akichoma kando ya barabara, tukala garini tukiwa tumefungua milango, kisha tukarudi kwa njia ya Barka. Huko tulisimama kununua halua, kwa kuwa halua ya Barka ina sifa kote Oman na shangazi hakubali nyingine kwa wageni wake. Njiani walibishana, yeye na mwanawe, kuhusu safari ijayo: binamu yangu alipendekeza Nakhal kwa sababu ni karibu, naye shangazi akashikilia kwamba Nakhal kuna watoto wengi na maji hayamfiki kwenye mfupa. Hatimaye walikubaliana kurudi Rustaq siku ya katikati ya wiki, watu wanapokuwa wachache, na binamu yangu akaahidi kuomba ruhusa kazini.