Habari Yenye Saa

Wiki hii nimeangalia taarifa ya habari kuliko afya yangu inavyoruhusu. Kuna mlango wa jengo fulani, nadhani ni mahakama, ambao sasa naujua kila mkwaruzo. Mwandishi amesimama mbele yake na kipaza sauti, na kila baada ya muda mtangazaji wa studio anamuuliza kuna jipya gani. Hakuna. Ila hasemi hakuna. Anasema hali bado ni tete, anasema macho na masikio yote yako hapa, anasema tutaendelea kuwajuza. Chini ya skrini unapita ukanda mwekundu: HABARI ZA HIVI PUNDE. Punde yenyewe ilianza asubuhi.

Jioni ya 18 Aprili 1930, Ijumaa Kuu, msomaji wa BBC aliwaambia wasikilizaji kwamba leo hakuna habari, ukafuata muziki wa piano. Basi. Siwezi kuona kituo chochote kikithubutu hivyo leo. Tangu CNN ianze kurusha habari usiku na mchana mwezi Juni 1980, saa 24 lazima zijazwe, liwepo la kusema au lisiwepo. Na ukishakuwa na saa za kujaza, yeyote aliyekaa karibu atafaa. Mei 2006 BBC hiyohiyo ilimkalisha mbele ya kamera Guy Goma, mzaliwa wa Kongo Brazzaville aliyekuja kufanyiwa usaili wa kazi, ikidhani ndiye mtaalamu wa teknolojia iliyekuwa ikimsubiri. Mtaalamu naye aliitwa Guy. Macho yalimtoka Goma, mdomo ukafunguka, kisha akajikaza na kuanza kujibu maswali ya kupakua muziki kwenye intaneti. Ile video nimeirudia mara nyingi, na majibu yake hayajapishana sana na ya wachambuzi ninaowasikia kila jioni. Tofauti ni kwamba yeye alionyesha mshtuko.

Kinachopendwa zaidi ni habari yenye saa ndani yake, yaani kitu kinachohesabika na kitakachoisha karibuni. Meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez, 23 Machi 2021, dunia nzima ilikaa kuhesabu siku pamoja nayo: chuma chenye urefu wa mita 400 kimeziba njia, na puani pake katapila moja dogo linachokonoa mchanga kama mtu anayechimba kaburi la tembo kwa kijiko cha chai. Siku sita, ikanasuka, tukatawanyika. Mwaka uliofuata gazeti la Daily Star la Uingereza liliweka saladi ya majani mbele ya kamera, likaivisha nywele za bandia, likauliza nani ataharibika kwanza, saladi au Waziri Mkuu Liz Truss. Tarehe 20 Oktoba Truss akatangaza kujiuzulu. Saladi ilikuwa bado haijaoza. Nilicheka, nani hakucheka? Uchumi wa nchi ulikuwa umetikisika na mikopo ya nyumba imepanda riba, lakini riba haina sura ya kuvalishwa nywele.

Kisha kuna Juni 2023, ambayo siichekelei. Jumapili ya tarehe 18 chombo kidogo cha kuzamia baharini kiitwacho Titan, kikiwa na watu watano, kilipoteza mawasiliano kikishuka kuyaona mabaki ya Titanic. Kilisemekana kuwa na hewa ya saa 96, na hapo ndipo saa ilipopatikana. Vituo viliiweka kwenye pembe ya skrini: zimebaki arubaini, zimebaki ishirini. Baadaye ikajulikana kuwa jeshi la wanamaji la Marekani lilinasa mlio wa kitu kama chombo kubonyea Jumapili ileile. Kwa hiyo siku zote zile tulikuwa tukiwahesabia hewa watu waliokwisha kufa.

Siku nne kabla ya Titan kupotea, boti ya wavuvi iitwayo Adriana, iliyotoka Libya, ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Inakadiriwa ilibeba watu hadi 750, Wapakistani, Wasiria, Wamisri. Waliookolewa ni 104. Wanawake na watoto wadogo walikuwa wamewekwa chini, ndani ya boti, na hakuna hata mmoja wao aliyetoka. Ilitangazwa, nisiseme uongo. Ila hakuna aliyeiwekea saa, na Titan ilipoingia hewani Adriana ikasogezwa pembeni.

Vita vya Sudan navyo havina saa. Vilianza 15 Aprili 2023, vimewakimbiza zaidi ya watu milioni kumi makwao, na siku nyingi hupewa sentensi moja, mapigano yanaendelea, kabla ya michezo. Isipokuwa tarehe hiyohiyo ya Aprili inaporudi, maana kumbukizi ni saa ya aina yake. Siku hiyo zinarushwa picha za kambi za wakimbizi nchini Chad, anahojiwa mtu wa misaada, mtangazaji anashusha sauti. Tarehe 16 huwa ni zamu ya kitu kingine.