Siuzi Viti: Siku Yangu Moja Mombasa

Saa kumi na moja u nusu alfajiri niko kivukoni Likoni. Mkobani mna futikamba, mizani ya kuning'iniza, kipimajoto, kamera na kalamu za ziada. Jirani yangu wa mtaa wa Shika Adabu akiniona hunitakia biashara njema, kwa kuwa anaamini nauza viti vya ofisi. Nilishaacha kumsahihisha. Kazi yangu ni ergonomia. Nalipwa kutazama namna kazi inavyomkunja mtu, inavyomnyoosha, inavyomkodolesha macho au kumtaka akumbuke mambo kumi kwa mpigo, kisha niseme ni kitu gani kibadilishwe. Nimesema kitu. Mtu atabaki na mgongo wake aliozaliwa nao.

Nilianzia hospitalini, upande wa tiba ya viungo. Nilikuwa nawanyoosha mahamali viuno, wanapata nafuu, wanarudi godauni, na baada ya muda wanarudi kwangu. Ikafika mahali nikataka kuliona hilo godauni lenyewe. Wenzangu katika fani hii wametoka kwingine: uhandisi, uuguzi, saikolojia, ukaguzi wa usalama. Njia moja hakuna, na ndiyo sababu vijana wakiniuliza wasome nini huwa nawajibu kwa maswali.

Saa moja, tuktuk kutoka Mwembe Tayari hadi Shimanzi. Saa moja u nusu nishavaa kofia na kizibao cha manjano.

Ghala ni la chai. Malori huteremsha mifuko ya kungoja mnada, ule uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na mifuko ikishauzwa hupakiwa tena kwenye makontena kuelekea Kilindini. Foklifti zipo, ila foklifti hubeba paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, iliyokwisha kupangwa. Mfuko mmoja mmoja kutoka lori hadi kwenye paleti hupangwa na mikono ya watu. Nilipoupima mmoja kwa mizani ya ghala, ulisoma kilo 64. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55.

Saa mbili za kwanza sizungumzi sana. Natazama, napiga picha kwa ruhusa yao, napima urefu wa paleti, napima mikono inaanzia wapi na kuishia wapi. Mzee mmoja aliyekuwa amejifunga kikoi kiunoni juu ya suruali alinisogelea akauliza, "Mwanangu, leo umekuja kutupima majeneza?" Wakacheka wote. Nikamwambia, "La, baba, napima paleti, ndiyo yenye makosa." Akanitazama vizuri, akaniambia paleti ya chini ndiyo inayowaua: mifuko ya kwanza wanaiweka karibu na sakafu na ya mwisho wanaitupa juu ya vichwa vyao. Jedwali langu lilikuja kusema vivyo hivyo baadaye, kwa tarakimu. Kwa REBA, njia ya kupima mikao iliyochapishwa mwaka 2000, alama 11 na kuendelea maana yake kazi ibadilishwe mara moja. Mkao wa mfuko wa chini ulipata 12.

Joto ndani, saa nne kasoro, lilikuwa limefika nyuzi 33. Ni Machi, kaskazi imelegea, na bati halina huruma.

Saa nne akaja meneja.

Sasa huyu meneja si mtu mbaya, naomba nianze hapo. Ni mkarimu, aliniagizia soda baridi kabla hata hatujasalimiana sawasawa. Lakini alikuwa na boksi. Akalifungua mbele yangu kwa furaha ya mtu aliyekwisha kulimaliza tatizo: mikanda ya kiuno, mipya, myeusi, ya kuwatosha wote. Na bango la ukutani lenye mchoro wa kijana amechuchumaa, mgongo umenyooka, amekumbatia kiboksi kidogo kifuani. "Madamu, hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana. Wewe wafundishe kuinua vizuri, saa moja tu, halafu unitilie sahihi."

Nikamweleza kwamba ile taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliitazama mikanda hii ikakataa kuipendekeza tangu mwaka 1994, na kwamba utafiti mkubwa wa wafanyakazi wa maduka huko huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, haukuona waliovaa wakiumia kidogo kuliko wasiovaa. Akasema hao ni Wazungu, miili yao tofauti. Nikamwambia sawa, tuache mikanda, tutazame bango. Huyu kijana amebeba boksi linalopita katikati ya magoti. Mfuko wako wa chai ni mpana kuliko magoti ya mtu yeyote humu. Akichuchumaa, magoti yanausukuma mfuko mbele, mikono inakwenda mbali na mwili, na mzigo unakuwa mzito zaidi kiunoni. Akasema, "Wakizoea wataweza."

Nikamwomba aje. Sikumwambia ainue, la hasha, nina bima ya kufikiria. Nilimwambia achuchumae kama kijana wa bango na ashike tu pembe za mfuko ulio kwenye paleti tupu. Akakunja suruali yake nzuri, akachuchumaa. Magoti yakagota. Akayapanua, akakosa pa kuweka miguu. Akajaribu upande. Mahamali wakawa wamesimama, hakuna aliyecheka, maana ni yeye anayelipa. Alipoinuka alikuwa na vumbi la chai hadi kwenye tai.

Ningependa kusema hapo aliamini. Hakuamini. Tulikaa ofisini kwake hadi karibu saa saba, mimi na karatasi, yeye na simu iliyokuwa ikilia kila nilipofika penye maana. Nikamwonyesha hesabu: fomula ya NIOSH ya uzito unaofaa kuinuliwa, iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kilo 23, na hizo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, kimo kizuri, bila kujipinda. Mikono ikiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, unakata nusu, zinabaki 11.5. Mikono ikianzia sentimita 15 juu ya sakafu, unazidisha kwa 0.82, na sasa hufiki hata 10. Mfuko wako ni 64. Hata wakiubeba wawili, kila mmoja ana 32. Simu ikalia. Nikaanza upya.

Nilichotaka ni kidogo. Paleti isiwekwe sakafuni. Iwekwe juu ya paleti tupu zilizobebana, au juu ya meza ya kupanda na kushuka, ili mfuko wa kwanza uanzie juu ya magoti na wa mwisho usipite mabega. Na malipo ya kwa mfuko yatazamwe upya, kwa sababu anayelipwa kwa mfuko hapumziki kwa kuambiwa. Hapo kwenye malipo ndipo soda yangu ilipoacha kuwa ya ukarimu. Nikamkumbusha kwa upole kwamba sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aiweke kazi imfae mfanyakazi, na inamkataza kumbebesha mtu mzigo unaoweza kumuumiza. Akasema atazungumza na wakubwa.

Chakula nilikula nimesimama.

Mchana, sijui ilikuwa saa tisa au imepita, nilikuwa katika ofisi ya mawakala wa forodha kule Moi Avenue. Shingo, laptopu zilizo chini mno, kibodi za pembeni, mambo ya kawaida. Ila karani mmoja alinionyesha jambo lililonizindua usingizini. Kwenye programu yao, kitufe cha kutuma na cha kufuta vimekaa bega kwa bega, rangi moja, ukubwa mmoja. Alikuwa amefuta tamko la kontena zima na kuandikiwa barua ya uzembe. Nikamsimulia habari za Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Marubani wa ndege za kivita za B-17 wakishatua walikuwa wakikunja magurudumu badala ya kurudisha flapi za mabawa. Chapanis akakuta vishikio viwili vinavyofanana, vimepakana. Akavipa maumbo: kimoja gurudumu la mpira, kingine kabari. Makosa yakaisha, na marubani walikuwa wale wale. "Kwa hiyo, dada, hiyo barua iende kwa aliyeitengeneza programu?" Nikamwambia nitaliandika, kwa lugha ya heshima.

Kurudi Likoni foleni ilikuwa ile ile ya siku zote. Kiuno kiliniuma, ndiyo, changu mimi, na nikaupokea utani wa jirani.

Ripoti niliiandika usiku baada ya isha, paja moja limelala. Nikiwa kwenye ukurasa wa vipimo vya meza, ujumbe ukaingia kutoka kwa meneja: "Madamu, hiyo meza ya kupanda na kushuka ni bei gani? Na mikanda niifanyeje?" Swali la kwanza nilimjibu kwa bei za wauzaji tofauti na michoro. La pili nilimwambia aliulize duka lililomuuzia, kama bado lebo hazijakatwa.