Msimu wa Chafya Arusha

Arusha, mwishoni mwa Oktoba

Vuli bado haijashuka. Barabara ya mtaani kwetu imegeuka unga mtupu, na kila bodaboda inayopita inatuachia wingu la vumbi linaloingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Hiki ndicho kipindi changu kigumu cha mwaka. Alfajiri naamka na chafya za mfululizo, macho yanawasha, kaakaa linawasha, na kamasi za majimaji hazikatiki mpaka jua lipande. Si mafua ya kuambukiza. Ni mzio, na hurudi kila msimu.

Hapa mjini watu wengi wanaulaumu mjakaranda, kwa kuwa ndio unaochanua sasa na maua yake yametanda barabarani. Mimi nautetea. Maua yake yana umbo la tarumbeta na chavua yake husafirishwa na wadudu, hasa nyuki. Chavua inayosumbua pua za watu wengi zaidi ni ile ndogo na nyepesi inayopeperushwa na upepo, ya nyasi, ya magugu, ya mivinje, na huwa hatuioni kabisa. Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyekuwa na ugonjwa huu mwenyewe, alieleza jambo hilo mwaka 1873. Alijinusisha chavua za nyasi, akazipaka kwenye ngozi aliyoikwaruza, na hata akarusha tiara angani ili kuzinasa huko juu. Nampenda sana mtu huyo. Aliteseka kama sisi, lakini hakukubali kubahatisha chanzo.

Kinachotokea ndani ni kwamba kinga ya mwili inaiona chavua, au vumbi la nyumbani, kuwa ni adui. Seli zilizo kwenye utando wa pua zinamwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo inatanuka, pua inavimba kwa ndani na kamasi zinafunguka. Tangu nilipolielewa hilo, kila dawa ya asili ninayoshauriwa naiuliza swali moja: inaondoa kilichoingia puani, inatuliza uvimbe, au inanifariji tu? Kufarijiwa nako si kubaya, ila nataka kujua.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunaondoa, na ndiko ninakokuamini kuliko vyote. Watu wa yoga wanakuita jala neti. Nachemsha maji, nayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha kwenye kikombe kimoja cha mililita 240 nakoroga nusu kijiko cha chai cha chumvi safi isiyotiwa madini joto. Nainamia sinki, nageuza kichwa upande, napumua kwa mdomo, na kumimina taratibu kutoka kwenye kibirika kidogo chenye mdomo mwembamba. Maji yanaingia tundu la juu na kutokea la chini. Chumvi ikiwa sawa hayachomi hata kidogo. Unasikia uvuguvugu ukipita nyuma ya macho, halafu kamasi nzito zinateremka pamoja na vumbi la siku nzima, jeusi, unaliona kabisa kwenye sinki. Baada ya hapo napenga polepole, tundu moja baada ya jingine, bila kukaza.

Maji ya bomba hayafai kabla ya kuchemshwa, na hapa naomba nieleweke vizuri. Mwaka 2011 watu wawili walifariki huko Louisiana, Marekani, baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri, ambaye hupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ukiyanywa hakudhuru kwa njia hiyo, hatari ni kuyapandisha puani. Yachemke kwa dakika nzima, na kibirika kioshwe na kukauka kila baada ya matumizi.

Mama alipokuja kutoka Tanga akanikuta nimeinama sinkini. "Mwanangu, hili nalo mmefundishwa na Wahindi? Sisi tunapandisha maji puani kila tukitia udhu."

"Kweli mama, ila haya yana chumvi na yanafika mbali zaidi."

Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akataka kuonyeshwa kipimo cha chumvi.

Kwa upande wa yoga yenyewe, mazoezi ya viungo hayazimi histamini, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ila kuna zoezi moja la pumzi lililonikaa, bhramari. Unafunga mdomo, unavuta hewa kwa pua, kisha unaitoa huku ukivuma kama nyuki. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2002 kwamba tunapovuma, gesi ya nitriki oksidi inayotoka puani huongezeka takribani mara 15 kuliko tukitoa pumzi kimya, kwa sababu mtikisiko unabadilisha kwa kasi hewa ya kwenye sinasi, yaani vijumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Hilo halijathibitisha kwamba mzio unapona. Kwangu mimi, nikivuma jioni baada ya kuosha pua, uso unaacha kuwa mzito na usingizi unakuja mapema. Msimu huu usingizi una thamani kubwa. Kapalabhati, ile ya kutoa pumzi kwa kishindo, nimeiweka kando mpaka mvua zije. Kwenye pua iliyovimba inaniongezea chafya tu. Mkeka nao nimeuingiza ndani, na naufuta kwa kitambaa chenye unyevu kabla sijaulalia.

Asali? Kila mtu ananiambia nile asali ya hapa hapa ili mwili uizoee chavua. Lakini nyuki hukusanya zaidi chavua nzito ya maua, na inayonisumbua mimi ni ya upepo. Utafiti wa Connecticut wa mwaka 2002, uliokuwa na watu 36, haukuona asali ikishinda sharubati iliyotiwa ladha ya asali. Naitia kwenye chai ya tangawizi na mchaichai kwa sababu koo linaipenda, basi. Kujifukiza kwa kivumbasi kunazibua pua kwa muda na harufu yake inanirudisha kwa bibi, ila sufuria la maji ya moto halikai sakafuni kwenye nyumba yenye watoto.

Vidonge vya setirizini, vya kuzuia histamini, ninavyo, na dawa ya kupuliza puani niliyoandikiwa na daktari naitumia kila siku msimu huu. Sioni ugomvi kati yake na kibirika. Juzi jirani aliniuliza kama mwanawe mwenye pumu anaweza kuacha inhela akijifunza pumzi za yoga. Nilimwambia hapana, mara mbili, nikimtazama machoni. Kifua kikibana na pumzi ikianza kupiga mluzi, ni inhela kisha hospitali, mkeka utasubiri.

Mvua zikishuka vumbi litatulia, lakini nyasi zitachanua na ukungu utaota kwenye ukuta wa bafuni. Kwa hiyo kesho nafua mashuka, foronya na mapazia kwa maji ya moto ya nyuzi 60, maana utitiri wa vumbi hauvumilii joto hilo, na ukuta nitausugua kabla unyevu haujaanza.