Bamvua la Paje

Niliondoka mjini Unguja kwa daladala ya asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, ili niliwahi bamvua, maji makubwa yanayokupwa mbali. Msitu wa Jozani tuliupita mbio. Kufika saa nne nilikuwa Paje, maji yamekupwa, mchanga mweupe umejaa akina mama walioinamia kamba za mwani.

Kilimo cha mwani kilianzia upande huu wa pwani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na namna yake haijabadilika sana: mambo, yaani vigingi, zimechomekwa mchangani, kamba imevutwa katikati, vitawi vimefungwa kwa vikamba vya taitai. Nilimwamkia mama mmoja. Aliitikia marahaba, akanitilia kitawi kiganjani. Katikati kilikuwa cheupe, kimelegea kama kilichopikwa, na nilipokigusa kikakatika.

"Hiyo kotonii, mwanangu. Maji yakipata moto, imekwisha."

Niliingiza mguu kwenye dimbwi alimosimama. Yalikuwa vuguvugu kabisa. Na kotonii ndiyo aina ya mwani yenye bei. Spinosamu, aina nyingine, huvumilia joto, lakini malipo yake ni madogo.

Mtafiti Flower Msuya amezihimiza kwa miaka mingi nyavu za mirija: mwani hujazwa ndani ya wavu mrefu, mwembamba, ukawekwa kwenye kina, ambako maji hayachemki na mawimbi hayauvunji. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya kuziona hizo. Tukatoka kwa ngalawa ya kukodi, wanawake watano na nahodha. Wavu ulipoinuliwa ulikuwa mzito, mwani umechomoza kwenye matundu, wa kahawia, mgumu, unang'aa. Nikafurahi sana. Kisha nikauliza nani anajua kuogelea. Wawili.

Tangu hapo sikuacha kulifikiria. Wengi wa wakulima wa mwani ni wanawake, na shamba la zamani liliwafaa kwa sababu walilifikia kwa miguu, maji yakiwa magotini. Ukilihamishia kwenye kina, umewadai chombo, nahodha na pumzi. Kwangu mimi, mradi unaogawa nyavu bila ngalawa na bila mafunzo ya kuogelea haujafika hata nusu ya kazi.

Tuliporudi maji yalikuwa yanajaa. Wenzake yule mama wa kitawi walipanda ufukweni na mizigo kichwani, kuianika kwenye chanja. Yeye alibaki, maji yakimfika kifuani, viganja viwili vimeushika mgongo wa mkwewe aliyelala juu ya maji.

"Legeza shingo," alimwambia. "Nimekushika."